Dada Yako Anatisha

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Chuo cha Ufundi.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo? Mkeo hajambo? Na yule mdogo aliyekuwa akiota meno, je, ameanza kuyatumia, au bado anatafuna kwa ufizi kama shangazi yako? Sisi huku hatujambo. Magoti yangu yananung'unika kila nipandapo ngazi, nami nayaacha yanung'unike. Macho yanaona vizuri kwa miwani mipya. Kosa la herufi nalikamata nikiwa upande wa pili wa meza.

Naomba radhi kwa ukimya wangu. Barua yako imekaa chini ya redio muda mrefu, nayo ilikuwa ikinitazama vibaya kila nilipoketi kusikiliza habari. Najua umenitumia salamu kwenye simu mara kwa mara, nami nimejibu kwamba tuko salama. Lakini salamu ya simu ni kikohozi tu cha kuonyesha kwamba mtu yumo ndani. Si mazungumzo. Sikukaa kimya kwa kukusahau. Uliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, nami sipendi kumpelekea mtu nusu ya sentensi.

Kabla ya swali hilo, jambo moja. Umeandika, "Huku kuna vitu mzuri sana." Vitu ni vizuri, mwanangu. Kuishi ng'ambo hakumpi mtu ruhusa ya kuvunja upatanisho wa kisarufi.

Sasa swali lako. Umeuliza kama upeleke jina la dada yako kwa mwajiri wako, ambaye anatafuta mtu wa kutunza mitandao ya kompyuta, au umwache aendelee kufundisha hapa. Umesema kwamba yeye mwenyewe ukimuuliza anakujibu "tutaona", neno ambalo halijawahi kumwonyesha mtu chochote. Jibu langu ni kwamba ungoje kidogo. Nitakueleza sababu, nawe uwe na subira, kwa kuwa mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Kama ujuavyo, chuo kilimwajiri dada yako, Bisibisi, kwa majaribio. (Namwita hivyo mpaka leo, tangu alipoifungua redio yangu akiwa mtoto, akairudisha ikiwa na sauti nzuri zaidi na skrubu za ziada mkononi.) Anafundisha jinsi kompyuta zinavyounganishwa hata zikaweza kuzungumza. Sasa muda wa majaribio umekwisha, na Bodi ya chuo inapaswa kuamua ama imthibitishe kazini, ama imwache aende na mahali pake iweke masomo yaliyorekodiwa, wanafunzi watazame kioo kikubwa ukutani huku mtu mmoja akikaa mlangoni kukiwasha na kukizima. Wapo wajumbe wanaoupenda mpango huo. Kioo, wanasema, hakiombi likizo.

Ili Bodi iamue, wanafunzi waliombwa kuandika maoni yao kuhusu mwalimu na somo, kila mmoja sentensi moja au mbili, bila jina. Hapo ndipo nilipoingia. Tangu nilipostaafu, Mkuu wa Chuo huniletea nyaraka zake nizisanifu lugha kabla hazijafika kwenye Bodi. Nilimfundisha sarufi akiwa na kaptura, na mpaka leo akinikabidhi karatasi huficha mikono nyuma. Wanafunzi wa chuo huniita Bibi Ngeli. Wanadhani sijui.

Nilimwambia Mkuu kwamba mwalimu huyo ni mtoto wa kaka yangu na anakula mezani kwangu, kwa hiyo ampe mtu mwingine kazi hiyo. Akasema hakuna mwingine, na kwamba anaujua msimamo wangu. Nami nikaazimia kutompendelea dada yako hata kwa mkato mmoja.

Karatasi ya kwanza ilisema, "Mwalimu anatisha!" Ya pili, "Huyu mwalimu ni balaa!" Nyingine, "Vipindi vyake ni hatari!!!" na zile alama zimekandamizwa kama mtu aliyekuwa akipigilia misumari. Nilikaa nikiutazama ukuta. Huyu ni mtoto ambaye hata kuku wa jirani hawakimbii akipita. Lakini nilijiambia kwamba mtu wa nyumbani mwako huijui sura yake ya kazini, nikasanifu kama ambavyo ningeyasanifu maoni juu ya mgeni. "Anatisha" ikawa "Huwatia wanafunzi hofu." "Ni balaa" ikawa "Ni chanzo cha matatizo." Sentensi ya vipindi niliiona ina kasoro, maana kipindi hakiwezi kuwa hatari, huweza tu kuwa na hatari. Nikaandika, "Vipindi vyake vina hatari." Alama za mshangao nikaziondoa zote, kwa kuwa waraka rasmi haushangai.

Ilikuwapo karatasi moja iliyoandikwa kwa mwandiko mdogo, mzuri: "Anatisha, asibadilike." Nikaona mwandishi ameteleza kalamu, kwani ni nani atakaye mwenye kutisha asibadilike? Nikaiondoa silabi moja tu, "si". Ikasomeka, "Huwatia wanafunzi hofu, abadilike."

Yalikuwamo pia maoni yasiyohitaji mkono wangu. Kwamba anazungumza haraka kama mtu anayeachwa na gari. Kwamba wamebana vichwa vya nyaya mpaka vidole vimeota sugu, na kompyuta yenyewe wameigusa kwa nadra. Kwamba akiandika ubaoni huwapa mgongo na maneno yote huyaambia ukuta. Maoni hayo yalinifanya niyaamini yale mengine.

Basi Bodi ikakaa. Mkuu alinisimulia baadaye kwamba Mwenyekiti alisoma kwa sauti, akaweka miwani mezani, akasema, "Kama wanafunzi wenyewe wanasema abadilike, sisi tunangoja nini?" Kilichomwokoa dada yako siku hiyo ni ile sentensi ya hatari. Mjumbe mmoja alihofu kwamba nyaya za chumba kile zitamuua mtu, na wakakubaliana kwamba fundi umeme akikague chumba kwanza, kisha ndipo waamue.

Kwa mujibu wa utaratibu, dada yako alipewa nakala. Aliisoma jikoni, amesimama, begi lingali begani. Akaniuliza, "Shangazi, kwani mimi natisha?" Nikamjibu kwamba hayo ni maoni ya wanafunzi, si yangu. Jibu hilo halikuwa na kosa la sarufi. Halikumsaidia kitu.

Hapa sharti nikueleze anavyofundisha, usije ukapotea. Kabla ya kipindi huingia chumbani peke yake na kuficha hitilafu moja. Huchomoa waya nusu, au huuchomeka katika tundu lisilo lake, au huzima kiswichi kidogo nyuma ya meza. Wanafunzi wakiingia, mtandao haufanyi kazi, na somo haliendelei mpaka waipate hitilafu hiyo wenyewe. Yeye husimama nyuma yao, mikono mgongoni, na mtu akianza kuilaumu mashine humwambia maneno matatu tu: "Anza na waya." Maana yake ni kwamba usiituhumu akili ya kompyuta kabla hujainama kutazama kama waya umeingia.

Baada ya ile nakala aliacha kuficha chochote. Akawa anazungumza polepole, kwa sauti ya mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa. Nyumbani kisanduku chake cha vifaa hakikufunguliwa. Redio yangu ilianza kukwaruza, naye akapita kando yake kama haisikii. Kisha siku moja, tukiwa tunakunywa chai, akaniuliza kama huko uliko kuna baridi sana. Nilijua maana ya swali hilo. Siku hiyo nilichukua kalamu nikuandikie, "Peleka jina lake." Nashukuru kwamba sikuumaliza mstari.

Fundi umeme alikuja na ngazi yake na testa. Mkuu aliniomba niwepo ili taarifa yake iandikwe kwa lugha inayosomeka, kwa hiyo nilikuwa nimeketi pembeni na karatasi zangu, na wanafunzi walikuwamo wakingoja somo. Fundi alipapasa ukuta, akalala chali chini ya meza, akafunua kila kifuniko. Alipoinuka alikuwa amekasirika.

"Nani amesema humu mna hatari?"

"Bodi," nikamjibu.

"Bodi imeambiwa na nani? Mimi nyaya za jengo hili nazijua zote. Ukitaka hatari nenda ofisi ya mhasibu, birika na feni vimebanana kwenye tundu moja kama mapacha. Humu? Humu nyaya zimesukwa kama nywele za bibi harusi!"

Wanafunzi wakacheka. Nikamwambia kwamba waliosema ni hawa hawa wanaocheka, nikawasomea: "Vipindi vyake vina hatari."

Akasimama kiongozi wa darasa, msichana mrefu ambaye wenzake humwita Spika, na ukimsikia hutauliza sababu. "Bibi, hiyo ni yangu, lakini siyo hiyo! Mimi niliandika ni hatari. Na nikapiga mishangao mitatu. Mishangao yangu iko wapi?"

"Niliiondoa."

"Umeiondoa! Jamani, Bibi, umeitoa sentensi roho halafu unauliza mbona imelala?"

Nikamtaka anieleze, basi, hatari iko wapi kama si katika nyaya.

"Haipo, Bibi. Nilikuwa namsifu."

"Na huyu aliyesema mwalimu anatisha?"

"Anamsifu."

"Na balaa?"

"Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote!" akadakia mwingine. "Mtu akikwambia unatisha, Bibi, unasema asante."

"Nimshukuru anayeniogopa?"

"Hakuogopi. Ameona kitu kikubwa mpaka neno la kawaida halitoshi."

Nilikuwa tayari kuwaeleza maana ya kutisha tangu shina la kitenzi, lakini alinyanyuka mwanafunzi mtu mzima, ambaye kabla ya kujiunga na chuo alikuwa fundi cherehani. Akasema kwa adabu, "Mwalimu, si hata sisi wakubwa husema mtu fulani ni moto wa kuotea mbali? Na hakuna anayekimbilia ndoo ya maji."

Mwanangu, msemo huo nimeufundisha maisha yangu yote ya kazi. Fundi umeme alicheka mpaka testa ikamponyoka.

Nikauliza ni nani aliyeandika "asibadilike". Kisha mkono ukainuka nyuma, wa binti mmoja mpole ambaye wenzake humwita Maji ya Mtungi, kwa kuwa hatoi sauti. Alisema hivi, na nilimwomba arudie ili nisikosee:

"Ni mimi, Bibi. Vyuo vingine nimeviacha. Nilikuwa nikikosea, mwalimu ananyang'anya kibodi anafanya mwenyewe, mimi nabaki kutazama. Huyu hanyang'anyi. Anasimama tu nyuma yangu, anasema, 'Anza na waya.' Ndiyo maana nikaandika asibadilike." Akaongeza, "Na sasa amebadilika."

Dada yako alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi, lakini hilo la mwisho alilisikia. Aligeuka akaenda kujifanya anatafuta chaki.

Nilivua miwani nikaifuta, ingawa haikuwa chafu. Nilikuwa nimeinyoosha sentensi ya binti huyu mpaka ikasema kinyume chake, na mwenye sentensi muda wote huo alikuwa hapa hapa, ng'ambo ya ua, nami sikuvuka kumuuliza. Nikawaambia wakae, tuanze na waya. Walifurahi sana kunisikia nikisema hivyo. Wengine walipiga meza.

Tulipitia karatasi zote, moja baada ya nyingine, kila maoni yakabaki kwa maneno ya mwenyewe, na chini yake nikaandika maana kama walivyonieleza. Alama za mshangao nilizirudisha, hata zile za Spika, ingawa nilijaribu kumshawishi aridhike na moja. Nilipofika kwenye lile la kuzungumza haraka, nikadhani nalo litageuka sifa. Spika akasema, "Hapana, Bibi, hilo liache. Hilo ni kweli." Na la mgongo? "La mgongo pia." Na la kutogusa kompyuta? Hapo walibishana, wengine wakisema bila vichwa vya nyaya hakuna kitu, wengine wakionyesha vidole vyao. Tuliandika pande zote mbili. Nilipenda kwamba hawakutaka kumpamba.

Taarifa mpya niliitanguliza kwa sentensi moja: "Nakala ya kwanza ilikuwa na makosa ya msanifu, wala si ya mwalimu." Mkuu aliisoma, akaficha mikono, akauliza kama hatuwezi kusema makosa ya uchapishaji. Nikamwambia kwamba uchapishaji haujamkosea mtu.

Mwenyekiti wa Bodi alikuja mwenyewe kunisikiliza. Nilipomaliza kueleza akasema, "Mwalimu, ile siku niliyovaa suti mpya mjukuu wangu aliniambia, 'Babu, unatisha.' Nilirudi ndani nikaivua." Tulikaa pale, wazee wawili, tukaionea suti hiyo huruma.

Dada yako nilimpa nakala mpya jikoni. Aliisoma amesimama pale pale, halafu akaketi, na kicheko kilipomtoka hakikukatika upesi. Akasema, "Shangazi, hitilafu zote nilizowahi kuficha, hakuna iliyoifikia hii yako." Kisha akaenda kuleta kisanduku cha vifaa, akaiweka redio yangu mezani. Sasa inasikika vizuri. Skrubu moja imebaki, sijamuuliza.

Juzi nilikwenda kuketi darasani kwake, na safari hii sikwenda kusahihisha. Alikuwa akiwaeleza kwamba kompyuta mbili hazianzi kuzungumza vivi hivi. Ya kwanza hupiga hodi, ya pili hujibu karibu, ya kwanza husema asante, naingia. Bila hayo matatu hakuna neno linalopita. Niliona mashine hizo zimelelewa vizuri kuliko wapwa fulani wanaoanza ujumbe kwa "Shangazi, eti". Akasema pia kwamba hodi yako isipojibiwa usikimbilie kusema hakuna mtu. Huenda njia imekatika, au mwenye nyumba ameamua kutofungua. Akianza kwenda kasi, Maji ya Mtungi huinua kalamu juu, naye hupunguza. Ndivyo walivyokubaliana. Mgongo bado anawapa, lakini sasa hugeuka kila baada ya mstari.

Hitilafu ya siku hiyo ilikuwa imefichwa kwelikweli. Spika alishaitangaza ruta, ile mashine inayogawa mtandao, kuwa marehemu alipoonekana Maji ya Mtungi akitambaa chini ya meza ya mwisho, na mara tukasikia kutoka huko chini sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo: "Waya!" Darasa zima likalipuka. Dada yako alikuwa amesimama nyuma yao, mikono mgongoni. Sura ile naijua. Ndiyo aliyokuwa nayo siku redio yangu ilipoimba.

Basi hali ndiyo hiyo. Bodi itakaa tena mitihani ikimalizika. Mwenyekiti hajaniahidi kitu, nami sikumwomba. Na wapo wajumbe ambao bado wanakipenda kioo chao. Lakini Mkuu ameniambia kwamba safari hii wajumbe wawili wameomba kwanza waingie darasani kwake, jambo ambalo Bodi haijawahi kulifanya. Nina tumaini, nawe unajua kwamba mimi si mwepesi wa kulitumia neno hilo.

Kwa hiyo usilipeleke jina lake bado. Mwombe mwajiri wako muda kwa heshima, ukizingatia upatanisho. Ikiwa dada yako atakuja huko, na aje kwa kuchagua, mimi mwenyewe nitamkunjia nguo. Ila nisingependa aondoke hapa akiwa amesukumwa na silabi niliyoifuta mimi.

Binamu yako kinyozi anakusalimu, anasema picha uliyotuma inaonyesha huko hakuna vinyozi. Mama yako mdogo anakusalimu na anauliza kama ile kofia aliyoifuma ilitosha kichwa cha mtoto au cha baba yake. Bisibisi anakusalimu; nilipomwambia ninakuandikia alisema, "Mwambie tutaona," lakini safari hii alikuwa akitabasamu. Nisalimie mkeo kwa heshima zote, na mdogo mbusu pale ufizi unapouma. Mwenyezi Mungu awalinde mnapotoka na mnaporudi, na asiwakatie njia ya kurudi nyumbani.

Uamuzi ukitoka, vyovyote utakavyokuwa, nitakuandikia kabla wino wa Bodi haujakauka. Kwa leo nakuachia sentensi moja, niliyoipima kwa makini na kuiandika kwa mkono wangu, nami nakuomba usiondoe ndani yake hata alama moja.

Dada yako anatisha!

Akupendaye na kukusahihisha,
Shangazi yako